Likizo Fupi ya Septemba: Mwongozo Kamili wa Kuwashughulisha Watoto Nyumbani Tanga

Likizo fupi ya Septemba huja kimyakimya. Ni takriban wiki mbili zinazoukata muhula wa pili, katika siku zinazokaribiana na mtihani wa darasa la saba, na hazina sikukuu wala safari ya kwenda kwa babu kama ilivyo Desemba. Mzazi anaendelea na kazi yake kama kawaida, lakini uani kuna watoto watatu au wanne tangu alfajiri, na kabla ya saa nne asubuhi wamekwisha kuuliza mara tano wafanye nini.

Huko Ulaya nako kuna likizo ya namna hii. Watoto wa Ujerumani na Uingereza hupumzika mnamo Oktoba, majani yanapopukutika na baridi inapoanza, na makamusi yetu huyaita majira hayo vuli. Kwa mkazi wa Tanga vuli ni mvua, na Septemba mvua hiyo kwa kawaida bado haijachanganya. Upepo wa kusi umeanza kulegea, ua ni mkavu na jua halijawa kali kama la Januari. Kwa hiyo shughuli nyingi nitakazozieleza ni za uani, chini ya mwembe au barazani, na chache tu ni za chumbani.

Mwongozo huu umetokana na likizo kadhaa nyumbani kwetu Makorora, tukiwa na watoto wetu na wa majirani, wenye umri wa kati ya miaka mitano na kumi na miwili. Jambo nililojifunza, tena kwa kuchelewa, ni kwamba kazi ya mtu mzima ni kuandaa mahali na vifaa, kuanza mchezo pamoja na watoto, kisha kujitoa. Mzazi anayetaka kuwachekesha watoto kutwa nzima huwa hoi siku ya tatu. Anayesema tu "nendeni mkacheze" bila kuwaanzishia chochote huwakuta mbele ya televisheni baada ya dakika kumi. Katikati ya hao wawili pana nafasi kubwa ya kufanya kazi zako huku ukisikia kelele nzuri kutoka uani.

Hatua ya kwanza: ukague ua na nyumba kabla shule hazijafungwa

Fanya kazi hii Jumamosi au Jumapili ya mwisho kabla ya likizo. Watoto wanapokuwa shuleni, nyumba huzoea hatari zake: mafuta ya taa yamo ndani ya chupa ya maji ya kunywa, jiko la mkaa huachwa koridoni likiwa na moto, na dawa ya panya imewekwa nyuma ya mlango. Vyote hivyo vihamishwe mahali pa juu au pa kufungwa kwa ufunguo, na mafuta ya taa yasikae kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Ndoo na mapipa ya maji yafunikwe, kwa sababu mtoto anayetambaa anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache tu. Kisima, kama kipo, kiwe na mfuniko ambao mtoto hawezi kuuinua.

Jambo moja la huduma ya kwanza kila anayebaki na watoto alijue: mtoto akiungua, sehemu iliyoungua ipozwe kwa maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, kisha ifunikwe kwa kitambaa safi na apelekwe hospitali. Asipakwe dawa ya meno, wala asali, wala mafuta. Mweleze hivyo dada wa kazi, bibi na jirani, kwani huenda wao ndio watakaokuwapo.

Hatua ya pili: kapu la vifaa

Tafuta kapu kubwa la ukili au boksi la katoni, na wiki moja kabla ya likizo anza kutia humo kila ambacho ungekitupa: vizibo vya soda, chupa za maji, maboksi ya dawa ya meno, magazeti ya zamani, vipande vya kanga iliyochakaa, mbegu za ukwaju, vifuu vilivyosuguliwa, uzi na sindano butu. Ongeza singa za mkonge kiasi cha fungu moja, ambazo mtu wa Tanga hana sababu ya kuzikosa, na chelewa za mkono mmoja zilizochomolewa kwenye ufagio mpya.

Gundi isinunuliwe. Koroga vijiko viwili vikubwa vya unga wa ngano au wa muhogo katika kikombe kimoja cha maji baridi, weka juu ya moto mdogo, endelea kukoroga mpaka uwe uji mzito unaong'aa, kisha uache upoe. Gundi hiyo hukaa siku mbili, pengine tatu, kabla haijaanza kunuka.

Ikiwa nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu, mbegu, gololi na vizibo viwekwe kapu la pili, na vitolewe tu akiwa amelala au amebebwa. Karanga nzima nazo si chakula cha mtoto mdogo, kwa kuwa humkaba kwa urahisi.

Hatua ya tatu: mkubaliane juu ya umbo la siku

Sisemi ratiba ya dakika kwa dakika, kwani sijapata kuona nyumba iliyoifuata zaidi ya siku mbili. Kinachofaa ni siku yenye nguzo chache zisizohama. Kwetu nguzo ni hizi: asubuhi ni kazi za nyumbani na kusoma nusu saa, saa nne hadi adhuhuri ni mchezo mkubwa wa siku, baada ya chakula na sala ni utulivu wa ndani, alasiri wanaosoma madrasa huenda chuoni, jioni ni michezo ya kukimbia, na baada ya isha ni hadithi. Jumuisha na kazi: mwenye miaka saba anaweza kufagia ua, na wa miaka kumi anaweza kuosha vyombo na kuanua nguo. Watoto huichukia kazi ambayo hawajui itakwisha lini, basi waambie mwisho wake mapema.

Televisheni na simu zipewe saa moja inayojulikana, na kwetu ni ile ya baada ya chakula cha mchana. Kwa watoto wadogo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri kwamba mwenye umri wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo, na wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele yake kabisa. Kosa nililolifanya mimi ni kuiwasha televisheni asubuhi ya kwanza "kwa muda mfupi tu" ili nimalize kufua. Wiki nzima ikaenda kwa kudaiwa muda huo mfupi.

Hatua ya nne: michezo ya uani

Hapa ndipo penye hazina, na inashangaza jinsi michezo hii ilivyosahauliwa na watu waliokua wakiicheza. Watoto wa leo wanaijua rede na kombolela kwa sababu hufundishana shuleni. Mdako na bao wengi wao hawajafundishwa. Basi anza na hiyo miwili, kwa kuwa hukalisha watoto chini ya kivuli saa za jua.

Kwa mdako, chimba shimo dogo la ukubwa wa bakuli na utie humo kokoto kumi na mbili. Mchezaji huchukua kokoto moja kubwa zaidi, huirusha juu, na kabla haijaanguka hukomba kokoto za shimoni kwa mkono uleule, kisha huidaka. Huirusha tena na kuzirudisha zote isipokuwa moja, ambayo inakuwa yake. Akishindwa kudaka, au akibakiza zaidi ya moja nje, zamu humhamia mwenzake. Mwenye kokoto nyingi shimo likiwa tupu ndiye mshindi. Cheza nao raundi mbili tu, ushindwe kwa heshima, halafu uondoke.

Bao lataka subira zaidi, lakini halihitaji ubao wa seremala. Chimba mashimo ardhini safu nne, kila safu mashimo manane, uwe na mashimo 32, na utafute kete 64, ziwe komwe, mbegu za ukwaju au kokoto. Mpangilio wa kujifunzia ni kutia kete mbili katika kila shimo. Kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake, yaani kete 32. Kwenye zamu yake huchota kete zote za shimo moja lenye kete mbili au zaidi, na kuzigawa moja moja kuzunguka mashimo yake, kwa upande anaoutaka. Kete ya mwisho ikiingia katika shimo la safu ya mbele ambalo tayari lina kete, na shimo la mpinzani linalolitazama nalo lina kete, basi huzila zile za mpinzani na kuzigawa upande wake kuanzia shimo la pembeni, ambalo huitwa kichwa. Zamu ambayo haikuanza kwa kula huitwa kutakata: mchezaji huendelea kuchota na kugawa kila kete ya mwisho inapoangukia shimo lenye kete, ila hali mpaka zamu nyingine. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, amelala, na mwenzake hucheza. Anayemaliziwa kete za safu ya mbele, au asiyebakiwa na shimo la kuchota, amefungwa.

Sheria za nyumba (lile shimo maalumu la safu ya mbele), kunamua (kuingiza kete moja moja ubaoni) na mengineyo ya bao la wakubwa yaachwe kwanza. Mtoto wa miaka minane akiyapata haya niliyoyaeleza, ndani ya siku tatu atakuwa akihesabu mbele mashimo matano bila kugusa kidole, na hiyo ni hesabu ambayo hakuna aliyemlazimisha kuifanya. Kama mtaani pana mzee achezaye bao barazani, mpeleke mtoto amwamkie na akae kutazama. Wazee wengi huifurahia shikamoo inayofuatwa na swali la kweli.

Jioni, jua likipoa, waachie uwanja. Rede yahitaji mpira wa matambara, chupa na mchanga: wawili husimama kwa umbali wa hatua kumi hivi na kurushiana mpira ili wampige aliye kati, naye hukwepa huku akijaza mchanga katika chupa. Kamba ya kuruka waisuke wenyewe kwa singa za mkonge, msuko wa mafungu matatu, wawili wakivuta na mmoja akisuka. Urefu unaofaa ni ule ambao mtoto akikanyaga katikati ya kamba, ncha zake mbili humfika kwapani. Chandimu haina haja ya maelezo yangu.

Hatua ya tano: tiara ya chelewa

Kama mwaweza kufanya jambo moja tu katika likizo hii, fanyeni tiara, kwa sababu upepo wa Septemba unaifaa na kila kifaa kipo nyumbani. Tenga asubuhi mbili: ya kwanza ya kutengeneza, ya pili ya kurusha, kwani gundi hutaka kukauka.

Funga pamoja chelewa tatu ziwe kijiti kimoja cha urefu wa sentimita 40, na nyingine tatu ziwe kijiti cha sentimita 35. Vilaze kwa umbo la msalaba, kile kifupi kikikata kirefu kwenye robo ya juu, na uvifunge imara kwa uzi. Kisha pitisha uzi kuzunguka ncha zote nne ili upate fremu. Laza fremu juu ya karatasi ya gazeti au mfuko mwepesi, kata ukiacha ukingo wa vidole viwili, kunja ukingo juu ya uzi na upake gundi. Karatasi isivutwe mno wala isilegee.

Sasa hatamu. Funga uzi wa urefu wa sentimita 60 kwenye kijiti kirefu, ncha moja karibu na juu na nyingine karibu na chini, ukipitia upande wa karatasi. Fanya kitanzi kidogo juu kidogo ya pale vijiti vinapokutana, na hapo ndipo uzi mrefu wa kurushia unapofungwa. Mkia uwe kitambaa chembamba cha mita moja na nusu mpaka mbili. Tiara ikizungukazunguka na kupiga kichwa chini, ongeza mkia; ikikataa kupanda, punguza mkia au sogeza kitanzi juu kidogo. Waache watoto wafanye marekebisho hayo wenyewe. Tiara ya kwanza ya mwanangu iliishia kwenye mnazi wa jirani kabla ya adhuhuri. Nilitaka kumtengenezea nyingine, lakini nilipotoka jikoni nikamkuta amekwisha kukata mkia mrefu zaidi.

Wasirushe karibu na nyaya za umeme wala barabarani, na tiara ikinasa kwenye waya wa umeme iachwe hapohapo, isivutwe wala kuchokorwa kwa mti.

Hatua ya sita: jikoni pamoja

Chagueni siku moja ya visheti. Kwa nusu kilo ya unga wa ngano tia vijiko vitatu vikubwa vya samli iliyoyeyushwa, iliki ya kutwanga na chumvi kidogo sana, sugua mpaka unga ushikane kama mchanga mbichi, kisha ukande kwa tui la vuguvugu hadi uwe laini usionata. Ufunike kwa nusu saa. Kazi ya watoto inaanzia hapa: kila mmoja hukata donge la ukubwa wa ncha ya kidole gumba, hulibonyeza juu ya meno ya uma na kulikunja liwe kama kombe. Vidole vidogo huifanya kazi hii vizuri kuliko vyetu. Kukaanga na kupika shira ni kwa mtu mzima peke yake, na watoto wote wawe nje ya mlango wa jiko mpaka sufuria ya mafuta iteremshwe, kwa kuwa shira ya moto hunata mwilini na kuunguza zaidi ya maji. Mwenye miaka tisa au kumi anaweza kukuna nazi kwenye mbuzi, akionyeshwa jinsi ya kushika kifuu ili vidole visikaribie meno.

Siku hiyohiyo pandeni mchicha katika kopo lililotobolewa chini. Mbegu zinyunyizwe juu juu na kufunikwa na udongo kidogo tu. Zikimwagiliwa asubuhi na jioni, nyingi huchipua ndani ya siku tatu hadi tano, hivyo likizo haitakwisha kabla mtoto hajaona kitu.

Hatua ya saba: siku moja ya kutoka

Mtoto aliyefungiwa uani wiki mbili atauchoka hata ua mzuri. Mapango ya Amboni yako takriban kilomita 8 kaskazini mwa mji, na watoto wa kuanzia miaka saba huyamudu wakivaa viatu vya kufunga na kufuatana na mwongozaji. Wadogo huogopa giza na popo, na si haki kuwalazimisha. Njia rahisi zaidi ni bahari yenyewe, upande wa Raskazone. Nendeni maji yakiwa yanakupwa, kwa kuwa kati ya kupwa na kujaa hupita saa sita na dakika kadhaa, na nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hurudi mbali lakini hurejea kwa kasi, basi mkubwa mmoja asiwe na kazi nyingine ila kuhesabu vichwa. Mchomeke kijiti kwenye ukingo wa maji na mkitazame kila baada ya robo saa. Watoto wangu huuliza juu ya mwezi siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote.

Hatua ya nane: jioni ya vitendawili

Umeme ukiwapo, uzimeni kwa hiari. Anza wewe: "Kitendawili!" Nao wajibu: "Tega!" Anza na vyepesi, nyumba isiyo na mlango au kuku aliyetagia miibani, ndipo uwaachie wao watege. Wakishindwa, mtegaji huomba mji, na hapa tuna sharti letu: mji utolewe kutoka mkoa wetu, na anayeutoa ataje jambo moja la kweli la mahali hapo. Atakayetoa Muheza ataje machungwa, wa Lushoto ataje milima na baridi yake. Wa Korogwe, Handeni au Mkinga hulazimika kuuliza kwanza kwa bibi, na hapo hadithi hufunguka zenyewe.

Kwa Pangani mimi huwasimulia habari ya mkonge: jinsi Richard Hindorf alivyoagiza miche elfu moja kutoka Florida mwaka 1893, ikafika 62 tu ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na mashamba makubwa ya mkonge ya mkoa huu yakaanzia hapo. Mwenye kamba yake ya kuruka mkononi huitazama upya.

Siku tatu za mwisho

Rudisheni saa ya kulala kidogo kidogo, nusu saa mapema kila usiku, ili Jumatatu ya shule isianze kwa kilio. Sare zifuliwe Ijumaa na si Jumapili jioni, kwani viatu vya kitambaa havikauki usiku mmoja, na vifungo vilivyopotea hugunduliwa wakati maduka yamefungwa. Daftari zikaguliwe pamoja na mtoto. Mashimo ya bao yafunikwe kwa ubao ili mbuzi na kuku wasiyavuruge, kete ziingie kwenye kopo, na mchicha umpate atakayeumwagilia asubuhi watoto wakiwa darasani.